Mkasi Uliokata Kiu

Fundi cherehani wa ghorofa ya pili alikuwa anakata kola ya shati la sare pale mkasi ulipopitiliza kitambaa na kukata kiu yake. Aliisikia ikikatika. Ilitoa sauti ndogo kama ya uzi mkavu, kisha ikaanguka karibu na mguu wa meza: kipande chembamba, rangi ya vumbi, kimejikunja kama ganda la kitunguu. Fundi akameza mate. Mate yalikuwepo. Akamaliza kola, akafagia kiu pamoja na mabaki ya kitambaa, akavitia vyote kwenye mfuko wa taka, kwa kuwa shati lilikuwa jeupe na hakutaka lishike uchafu.

Maji ya jengo lile yalikuwa yamekatwa kwa wiki kadhaa. Bomba lilikuwa moja tu, uani, na kila familia ilikuwa imezoea kuchota hapo. Sasa watu walikwenda na madumu mpaka kituo cha mafuta, wakarudi na maji ya kupikia uji na kunawa uso, basi. Kilichobaki kilikuwa kiu, na kiu ilikuwa ya kutosha watu wote.

Aliyeumia kuliko wengine alikuwa wifi yake fundi, mdogo wa mumewe, ambaye alikuwa dobi. Alikaa chumba cha chini kinachotazama uani. Alifua mashuka ya nyumba ya wageni, makoti ya wauguzi na vitambaa vya meza vya ukumbi wa harusi. Tangu maji yakatwe, nguo chafu zilijaa chumbani mwake hadi akawa analala juu yake. Alisema ni godoro zuri sana, ila linanuka wageni.

Mchana ule alipanda ghorofani kuazima sindano.

"Wifi, una maji?" aliuliza akiwa bado mlangoni.

"Sina."

"Mbona midomo inakung'aa kama ya mtu aliyekunywa?"

"Nimekata kiu."

"Umeikata na nini, kama huna maji?"

"Na mkasi."

Dobi akautazama mkasi. Ulikuwa mkasi wa kawaida, mpini mweusi, umenolewa wiki ile na mtu anayepita mitaani na gurudumu lake.

"Basi nikatie na mimi. Na usinibakishie, mimi si mgeni hapa."

"Fungua mdomo."

"Angalia usinikate ulimi."

"Ulimi wako wewe? Huo hata msumeno hauuwezi."

Mkasi ukapita. Kiu ya dobi ilikuwa pana kuliko ya fundi, kwa sababu alikuwa mtu wa kushinda juani, nayo ikaanguka mikunjo miwili. Dobi akaiokota, akaisugua kati ya vidole viwili kama alivyofanya kila mteja alipomletea kitambaa asichokijua.

"Hiki kikifuliwa kitatoa rangi," alisema, akaitupa kwenye mfuko wa taka, akachukua sindano yake, akashuka.

Habari zilifika ghorofa ya nne kabla ya jioni, kwa sababu huko aliishi Mzee Redio. Walimwita hivyo kwa kuwa alitangaza kila kitu na hakusikia chochote. Masikio yalikuwa yamemchoka. Alishuka akishika ukuta, akakaa kwenye kiti cha wateja, akafungua mdomo bila kuulizwa.

"Shikamoo, Mzee," alisema fundi.

"Ndiyo, yote," alisema Mzee Redio. "Kata yote."

Ilionekana kwamba kiu huota tena, kama kucha, ila haraka zaidi. Ikikatwa asubuhi, inarudi asubuhi ya pili. Kwa hiyo kila siku, kabla fundi hajawasha redio wala kufungua cherehani, watu walipanga foleni kwenye ngazi wakiwa wamevaa kanga na malapa, na fundi akawakata mmoja mmoja. Hakuna aliyeona ajabu. Mama wa mapacha alilalamika tu kwamba foleni ni ndefu, na kwamba watu wa ghorofa ya tatu wanajipenyeza.

Mkasi haukuishia kwenye kiu. Mzee Redio alikuja na kikohozi cha miaka mingi, fundi akakikata, kikaanguka sakafuni kikiendelea kukohoa mpaka kikatulizwa kwa ufagio. Siku nyingine fundi alikuwa anaongea na mumewe, ambaye alifanya kazi kwenye kiwanda cha sabuni mji mwingine, simu iko begani na mkasi uko mkononi, na simu ikakatika katikati ya neno. Mume akapiga tena.

"Mbona umenikatia simu?"

"Si mimi, ni mkasi."

"Basi uambie mkasi sijamaliza."

Halafu kuna siku alikwenda dukani kununua vishikizo akiwa amesahau kuuacha mkasi mezani. Alikuwa na haraka, akakata kona. Kona ikakatika. Tangu siku hiyo duka linaonekana moja kwa moja kutoka mlango wa jengo, na waendesha baiskeli wanapita pale bila kupunguza mwendo. Mwenye duka alishukuru. Fundi akaanza kuufunga mkasi kwenye kitambaa kila anapotoka, akawa pia anachagua maneno yake.

Dobi naye alishukuru kwa kiu yake, lakini kiu haikuwa shida yake.

"Sasa mashuka je?" aliuliza siku moja, akiwa amejitupa kwenye kiti cha wateja. "Huwezi kuyakatia?"

"Mashuka hayana kiu, wifi. Yana uchafu."

"Basi kata uchafu."

Fundi akajaribu. Alitandika shuka moja la nyumba ya wageni mezani, lenye doa la chai lenye umbo la kiatu, akapitisha mkasi juu ya doa. Mkasi ukakata shuka.

"Uchafu haukatwi," alisema fundi akitazama tundu. "Uchafu hutolewa."

"Nani kasema?"

"Kila mtu anasema hivyo. Ulishasikia mtu anakata uchafu?"

Dobi akafikiri. Hakuwahi kusikia. Akachukua shuka lake lenye tundu, akalikunja vizuri kama vile lilikuwa zima.

"Nyumba ya wageni wamesema wananingoja mpaka mwisho wa mwezi," alisema. "Baada ya hapo wanapeleka nguo zao kwa mwenye mashine. Wauguzi wameshaondoka. Na kaka kanipigia tena. Anasema niende kwake, huko maji yanatoka mpaka yanakera."

Fundi akauweka mkasi mezani. Alikuwa ameolewa katika familia ile akiwa msichana, na wifi huyu ndiye aliyempokea mlangoni, akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni na kusema, "Haya, si mbaya sana." Tangu siku hiyo walikuwa wamegombana karibu kila siku na hawakuwahi kula mbalimbali. Mume alikuja mara chache kwa mwaka, akakaa kama mgeni, akaondoka. Wifi ndiye aliyekuwa nyumbani.

"Utaondoka kweli?" aliuliza fundi.

"Maji yakirudi siondoki. Yasiporudi nitafua nini hapa? Hewa?"

Ndipo wakaenda ofisi ya maji.

Walikwenda watatu, kwa sababu Mzee Redio alikataa kubaki. Ofisi ilikuwa na benchi la mbao, feni inayozunguka polepole na meza moja kubwa. Nyuma ya meza alikaa Bwana Mita, mwanamume mpole mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, aliyewahi kusoma mita za mitaa kabla ya kupandishwa cheo. Aliwapa viti. Aliwauliza habari za nyumbani. Kisha akaeleza.

"Maji yenu yalikatwa ili bomba kubwa litengenezwe."

"Na limetengenezwa?" aliuliza dobi.

"Limetengenezwa vizuri sana. Zamani tu."

"Basi mbona maji hayajarudi?"

"Hii ni idara ya kukata, mama. Kurudisha ni idara nyingine."

"Iko wapi tuende?"

"Haijafunguliwa."

Feni ikazunguka. Mzee Redio akamwinamia dobi. "Amesema yanarudi lini?"

"Amesema haijafunguliwa, Mzee."

"Bomba?"

"Idara."

"Msikate tamaa," alisema Bwana Mita kwa upole. "Mkate rufaa."

"Mkate?" Mzee Redio akainuka kidogo kwenye kiti. "Mkate gani?"

"Rufaa, Mzee," alisema dobi kwa sauti. "Kasema tukate rufaa."

"Mkate wa rufaa," alisema Mzee Redio, akakaa. "Huo sijawahi kula."

Fundi alikuwa ameshatoa futi yake ya kupimia mkobani.

"Ya upana gani?" aliuliza.

"Ya kawaida."

"Na urefu?"

Bwana Mita akageuka, akalitazama kwa muda dirisha lililokuwa nyuma yake.

"Ishuke mpaka chini ya kizingiti," alisema. "Zikiwa fupi huwa zinatusumbua."

Siku ile ile fundi alisafisha meza, akaifuta mara mbili, akafungua mkasi hewani bila kitambaa chochote. Alikata polepole kwa sababu hakuwahi kukata rufaa na hakutaka kuiharibu. Ilishuka mezani yenyewe, nzito, rangi ya bluu iliyokolea, ikiwa tayari na bitana. Upande wa ndani ulikuwa na joto kidogo, kama shati ambalo mtu ametoka kulivua. Dobi alikunja pindo akalishona kwa mkono, mshono mdogo mdogo usioonekana. Kisha akaipiga pasi kavu, kwa kuwa hapakuwa na maji ya kunyunyizia, akilalamika kwamba pasi kavu ni dhambi.

"Hii tukishindwa nayo," alisema akiinua na kuikung'uta, "haitakuwa kwa sababu ya mshono."

Bwana Mita aliipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza, akatazama upindo, akatazama bitana.

"Hii imekatwa na mtu anayejua," alisema. "Wengi wanaleta imekaa upande."

Akasimama juu ya kiti na kuitundika dirishani. Sasa fundi akaona kwamba madirisha yote ya ofisi ile yalikuwa na rufaa. Kulikuwa na za kijani, za kahawia, moja ya maua iliyokuwa imepauka na jua. Chache alizitambua kwa mshono: ile ya kijani ilikuwa kazi ya fundi wa mtaa wa pili, aliyekuwa na tabia ya kurudia uzi mara mbili mwishoni. Ile ilihusu kisima cha shule, na shule yenyewe ilikuwa imeshahamishwa. Upepo ulipoingia zilisogea zote kwa pamoja. Ofisi ilikuwa na kivuli kizuri sana.

"Sasa tunangoja nini?" aliuliza dobi.

"Ukaguzi," alisema Bwana Mita akishuka kwenye kiti. "Lazima nije mwenyewe nione hali. Hatuwezi kuamua mambo ya watu tukiwa ofisini."

Walirudi wakiwa na furaha. Dobi alinunua sabuni mpya, miche mirefu, akaipanga kwenye kizingiti cha dirisha lake. Mzee Redio alitangaza kwenye ngazi zote nne kwamba serikali inakuja, na kwamba kila mtu ajibu kwa adabu na kwa ukweli.

Bwana Mita alikuja, kama alivyoahidi. Alikuja asubuhi, baada ya foleni, kwa miguu, na viatu vyake vilikuwa vimeshika vumbi. Alifungua bomba la uani, akasikiliza, akalifunga. Kisha akapanda ngazi akigonga mlango mmoja mmoja, na kwa kila mlango akauliza swali moja.

"Una kiu?"

Mama wa mapacha alisema hana, wala mapacha. Watu wa ghorofa ya tatu walisema hawana, wakaongeza kwamba wao huwa hawajipenyezi kwenye foleni, ni maneno ya watu tu. Mzee Redio aliulizwa mara tatu kabla hajasikia, kisha akasimama wima.

"Kiu?" alisema kwa fahari. "Mimi? Niulize jengo lingine! Hapa hatuna kiu hata tone!"

Bwana Mita akafika kwa fundi mwishoni. Dobi alikuwa pale, amevaa gauni lake zuri.

"Rufaa yenu nimeishughulikia," alisema Bwana Mita. "Imeangukia pazuri. Jengo zima halina kiu. Nimekuwa kazini muda mrefu na sijawahi kuona jambo kama hili."

"Lakini maji hakuna," alisema fundi.

"Hakuna, ndiyo. Nimeliona bomba mwenyewe. Ila maji, mama, tunayapeleka kwa wenye kiu. Ndiyo utaratibu. Sasa nikisema yaje kwa watu wasio na kiu, nitawaambia nini walio nayo?"

"Na wao mnawapelekea?"

"Tutawapelekea. Idara ikifunguliwa."

"Mashuka yangu je?" aliuliza dobi.

Bwana Mita akamtazama kwa huruma ya kweli. Alikuwa mtu mwema. Alikuwa na mama yake nyumbani, aliyekuwa akimfulia mashati kwa mkono.

"Mashuka hayakuwemo kwenye swali," alisema.

Akasimama ili aondoke, kisha akasita. Aliuliza kwa aibu kidogo kama naye angeweza kukatiwa, maana alikuwa ametembea juani. Fundi akautazama mkasi, akamtazama yeye. Mtu ni mtu. Akamwambia afungue mdomo. Kiu ya Bwana Mita ilikuwa ndogo kama kipande cha ukucha, kwa sababu ofisini kwao kulikuwa na maji.

"Ahsante sana," alisema akipapasa koo. "Idara itafurahi kusikia. Tunafikiria kuwashauri mafundi wa majengo mengine wafuate mfano wenu."

Nyayo zake zikashuka. Fundi akabaki amesimama, mkasi mkononi, mpaka dobi alipomwondolea na kuuweka mezani.

"Ni mimi," alisema fundi. "Ningewaacha na kiu yao, angewakuta wanayo."

"Ungewaacha, ungekuwa mchawi."

"Ningewaacha wiki moja tu, wifi."

"Usianze. Mapacha wa yule wana mwaka mmoja. Wiki moja unaijua wewe?" Dobi alikuwa anavua hereni zake nzuri, moja moja, akizitia mfukoni. "Ulifanya vizuri. Imetokea vibaya. Ni vitu viwili, usivishone pamoja."

Kesho yake dobi alianza kufungasha. Alirudisha mashuka machafu kwenye nyumba ya wageni akiwa ameyakunja kama masafi. Alifunga sufuria zake kwa kanga. Mizigo ilipokuwa tayari alipanda ghorofa ya pili mapema, kabla ya foleni, akasimama mbele ya meza.

"Nina kazi moja ya mwisho," alisema. "Nataka unikate tamaa."

Fundi aliacha kutia uzi kwenye sindano.

"Hiyo siikati."

"Basi nitaondoka nayo, na huko kwa kaka nitaamka kila alfajiri kusikiliza bomba la huku. Nitakuwa mtu wa namna gani? Mke wa mtu anaamka ananikuta nimekaa kitandani nimetega sikio." 

"Mke wa mtu gani? Mke wa kaka yako ni mimi."

"Basi mwenye nyumba wake. Usinivuruge. Kata."

Fundi hakutaka, lakini wifi yake alikuwa amesimama wima kama mteja, mikono pembeni, na macho yalikuwa yamechoka. Akachukua mkasi. Pindo la tamaa lilikuwa limechomoza kwenye mkono wa gauni, jeupe, kama shimizi inayochungulia. Fundi alikuwa ameliona miaka yote akidhani ni shimizi kweli. Akalishika na kuvuta kidogo ili apate pa kukatia.

Likaja. Lilikuwa laini, kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi na mtu anayejua kufua. Akavuta tena ili apate mahali pembamba. Hapakuwa na mahali pembamba. Tamaa ikajaa mezani, ikamwagika sakafuni, ikajaza nafasi chini ya cherehani.

"Wifi, unakaza," alisema fundi.

"Sikazi. Nimesimama tu."

"Si ulisema umeshakubali kuondoka?"

"Nimekubali mimi. Hiyo haijaniuliza."

Fundi akavuta. Tamaa ikatoka mlangoni, ikashuka ngazi, kipandio kwa kipandio. Watu wa foleni wakaanza kufika na kuikanyaga, maana ngazi zilikuwa nyembamba. Mzee Redio alishuka kutoka juu, akasimama mlangoni akitazama kitambaa kile chote.

"Hivi ni vya nani?"

"Ni tamaa yangu, Mzee," alisema dobi kwa sauti.

"Sikujua kama una tamaa kiasi hiki, binti yangu."

"Si ile, Mzee. Ni ile nyingine."

"Tamaa ni tamaa," alisema Mzee Redio, akaenda kukaa.

Mwishowe fundi akaamua kukata popote. Akaufungua mkasi mpaka mwisho, akaminya. Mkasi ukatafuna kitambaa, ukateleza. Akaminya kwa mikono miwili. Parafujo ya katikati ikalia, meno ya mkasi yakapishana, na tamaa ikabaki nzima, haina hata alama. Fundi akajaribu mkasi kwenye kipande cha karatasi. Haukukata karatasi. Akajaribu uzi. Uzi ukajikunja tu.

"Umekufa makali," alisema.

"Nimekuulia mkasi," alisema dobi.

"Utanolewa." Lakini walijua wote wawili kwamba mtu wa gurudumu anapita anapotaka.

Mama wa mapacha akachungulia. "Fundi, foleni haiendi? Tuna kiu."

"Na mimi ninayo," alisema fundi.

Saa chache baadaye jengo zima lilikuwa na kiu ya kawaida, kama majengo mengine. Watu walichukua madumu yao wakaelekea kituo cha mafuta, wakigombania nani ametangulia. Mzee Redio alisema hii ndiyo nafasi: sasa wanayo kiu, waite ukaguzi. Akampigia Bwana Mita, akiwa ameweka simu kwa sauti kubwa ili wote wasikie. Bwana Mita alimsalimia vizuri, akamuuliza habari za nyumbani. Alisema amesikitika sana. Alisema ukaguzi wa jengo lao umeshafanyika na majibu yalikuwa mazuri, na jengo moja halikaguliwi mara mbili kwa mwaka, isingekuwa haki kwa wengine. Alisema rufaa yao imekaa vizuri dirishani, wageni wanaisifia. Kisha akakata simu, na hakuhitaji mkasi.

Mume wa fundi akapiga baada ya hapo.

"Mmeshafungasha? Mwambie mdogo wangu basi linaondoka saa tisa. Nitampokea."

Fundi akaenda kwenye ngazi kumwita wifi yake. Dobi alikuwa anashuka kinyumenyume, akikusanya tamaa yake kipandio kwa kipandio na kuirundika mkononi. Kila alipofika penye mwanga aliinua sehemu akaitazama. Ilikuwa na alama za malapa ya foleni nzima. Ilikuwa na masizi ya jiko la mama wa mapacha, na mahali fulani mtu wa ghorofa ya tatu alikuwa amedondosha chai.

"Kaka yako anasema saa tisa," alisema fundi.

"Nimesikia."

"Basi kunja tuikaze kwenye mfuko. Utaifulia huko."

Dobi akasimama. Akamtazama kwa sura aliyowapa wateja waliomwambia kwamba doa si kubwa.

"Mimi ni dobi," alisema. "Nitapanda vipi basi na kitu kimechafuka namna hii? Watu wataniuliza nafanya kazi gani."

"Nani atakiona?"

"Mimi." Akasugua alama ya chai kwa kidole gumba. "Na hii ya chai haikubali maji ya dumu. Inataka maji yanayotiririka."

Akashuka na mzigo wake mpaka uani. Fundi alirudi kwenye simu, akaiweka sikioni.

"Haloo?" alisema mume. "Anasemaje?"

"Anasema haji leo. Ana kazi ya kufua."

"Kwani maji yametoka?"

"Hayajatoka."

Nyuma ya mumewe fundi alisikia mashine za kiwanda, na mtu akiita mtu.

"Sasa anafua na nini?"

Fundi akachungulia dirishani. Chini, uani, wifi yake alikuwa amekunja mikono ya gauni mpaka juu ya viwiko. Beseni lilikuwa chini ya bomba, limejaa tamaa mpaka linafurika, na kipande kipya cha sabuni kiko juu yake. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono mapajani, anangoja.

"Ndiyo kwanza anatenga nguo nyeupe," alisema fundi.